Kocha ameniuliza maji yamenikosea nini

Leo nimenyamazisha bwawa zima kwa sentensi moja.

Mnajua nimejiandikisha kwa trayathloni. Mbio naweza, baiskeli naweza. Kuogelea ndiko kunanimaliza.

Asubuhi nimepiga maji mpaka mikono ikagoma. Kocha Atieno akapuliza filimbi.

"Bwana, mbona unapigana na maji? Yamekukosea nini?"

Wenzangu wakacheka. Mimi, kwa uchovu tu, nikajibu, "Yalimchukua kaka yangu."

Hata mimi sikujua ningesema hivyo.

Kocha akaingia majini na nguo zake za mazoezi, akanishika kichwa polepole.

"Uso ukiwa ndani, toa pumzi yote, usiizuie. Halafu geuza uso tu. Usiinue kichwa."

Nikajaribu, nikakohoa. Nikajaribu tena, nikafika ukuta wa pili.

Sasa niko nyumbani Nyamasaria, hata shati siwezi kuvua. Nyinyi mlioanza mkiwa watu wazima, hii mikono hupona lini?

Mama amepiga simu kutoka Port Victoria. Nilikuwa nimemficha habari ya kuogelea. Leo sikuwa na nguvu ya kuficha, nikamwambia.

Akauliza, "Ulifika ng'ambo?"

"Nilifika, Mama."

"Basi kula, ulale."