Amri Zilizobaki kwa Sajenti Ojok

Sajenti Ojok alistaafu kazi ya magereza akiwa bado amenyooka kama mlingoti. Maisha yake yote alifundisha gwaride. Tulipakana naye hapa Walukuba, Jinja, kwa hiyo mambo yake nayajua mpaka ya sufuriani. Uwanjani alifoka kwa Kiswahili hadi askari wapya wakatetemeka. Akifika mlangoni kwake, Kiswahili anakiacha nje pamoja na viatu.

Hilo lilikuwa sharti la mkewe, Topista, Mgisu wa Wanale kule Mbale. Enzi za utawala wa kijeshi, askari waliingia kwao wakampiga baba yake mbele ya watoto, na matusi yao yote yalikuwa ya Kiswahili. Ojok alipomposa, Topista alimwambia lugha ile isivuke kizingiti. Bwana akakubali, wakaishi kwa Kiganda cha kuchekesha pande zote mbili. Hata mimi niliyelelewa kwa Kiswahili, nikiingia pale nilijikaza na Kiganda changu.

Mwaka 1996 kiharusi kikamkamata Ojok akinyoa ndevu. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakatoweka. Alipotoka hospitali, Topista alimletea uji, akamwuliza kama umepoa. Mzee akahangaika, jasho likamtoka, kisha akanguruma: "Mguu sawa!"

Jamani, nilicheka. Topista hakucheka. Kila alichouliza alijibiwa gwaride, na jina lake halikutajwa hata mara moja.

"Mama Burhan," aliniambia, "huyu ananikomoa. Mtu aliyepoteza maneno hapigi kelele hivyo. Maneno anayo, ananinyima mimi tu."

Ukimsikiliza, utadhani ana haki. Basi nikamwita Nangobi, nesi anayepita majumbani kuwanyoosha wagonjwa viungo. Akamgusa Ojok juu ya sikio la kushoto.

"Hapa ndipo ubongo unapounda maneno. Na upande huu huu ndio unaoendesha mkono wa kulia, ndiyo maana vimelala pamoja. Damu haikufika, sehemu hiyo ikafa."

"Na makelele?" Topista akauliza.

"Yale hayaundwi, yanatoka yakiwa tayari. Kitu ulichokirudia miaka na miaka kina njia zake nyingine ubongoni, kama wimbo au kuhesabu. Umeme ukikatika Walukuba, mtaa wa Kimaka si wanaendelea kupiga pasi? Mzee anakuelewa vizuri, nyabo, mama yangu. Kujibu ndiko kunakomshinda."

Topista alimshukuru, akampa papai, na hakuamini hata chembe. Baada ya ndoa yote ile, ati kilichobaki kichwani mwa mumewe ni lugha ya waliompiga baba? Hilo lilimuuma kuliko kiharusi chenyewe. Nilimhurumia, na papo hapo nilitamani kumtikisa. Jumamosi akafunga mizigo. Anarudi Wanale kwa ndugu zake, na binti yao Ketty ndiye atakayekuja kumtunza baba.

Boda ya baiskeli ilimngoja nje. Ojok alikaa kwenye kiti barazani, macho yakilifuata begi. Akafungua mdomo.

"Mguu pande!"

Akatikisa kichwa kwa hasira: siyo hilo. "Kulia... safu... safu..." Akajipiga paja kwa mkono uliobaki mzima. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mzee ambaye hata chafya alikuwa akiipiga kwa mpangilio. Topista alikwisha kushika kiti cha baiskeli. Ojok akavuta pumzi ndefu, akapekua humo kichwani amri yoyote inayoweza kumrudisha mtu.

"Nyuma... geuka!"

Majirani walitoka nje. Topista alisimama ametupa mgongo. Kisha akageuka, polepole, akauona uso ule uliolowa. Alirudi barazani, akaweka begi chini, akamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Mimi hapana enda, afande," akasema.

Kiswahili kibovu kuliko chote nilichowahi kusikia Walukuba, na mimi nililia kwa sauti.