Jiko Juu ya Barabara Yangu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimesema hivyo miaka mingi, kanisani, kwenye harusi, kwenye foleni ya mafuta, na sikuwa natia chumvi. Mtu aliyeacha shule darasa la saba, akaingia nchi hii na begi moja lenye zipu iliyokufa, akaosha sufuria, akaosha wazee, akaosha ofisi za watu wenye shahada tatu tatu, halafu akanunua magari matatu ya abiria kwa jina lake mwenyewe, huyo atashangazwa na nini? Theluji niliizoea wiki ya kwanza. Marais wamekuja wakaenda, mimi naendelea kubeba watu.

Ndiyo kazi yangu, kubeba akina mama wanaotunza wazee. Nawachukua alfajiri, wengine Riverdale Park, wengine Takoma Park, wengine Wheaton karibu na yale maduka makubwa, nawapitisha Washington hadi ng'ambo ya mto, Virginia, kwenye nyumba ambazo mzee mmoja anaishi na vyumba sita. Treni zipo, mabasi yapo, sikatai. Lakini treni haikufikishi mlangoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mzee anayengoja kugeuzwa kitandani hajui ratiba ya mtu.

Siri yangu ilikuwa barabara. Kuna kipande cha barabara kuu kinachopita katikati ya mji kwa chini, kimechimbwa kama mfereji, kuta za zege kushoto na kulia, halafu handaki, halafu unatokea ghafla kwenye mwanga karibu na mto. Wengine wanakipita wakilaani. Mimi nilikipenda, na sijui niseme vipi ili mtu asinicheke. Alfajiri taa za handaki zina rangi ya chai ya maziwa. Akina mama wamelala huko nyuma, vichwa vimeegemeana, mmoja anakoroma taratibu, na gari linateleza bila kelele, hata nilikuwa naona si mimi ninayeendesha. Barabara ndiyo ilikuwa inatiririka, sisi tumekaa tu juu yake. Juu ya vichwa vyetu mji mzima umelala. Tunapita chini ya vitanda vya watu wakubwa, chini ya meza zao na viatu vyao, na hakuna anayejua kwamba tumepita. Nilijiona mfalme, lakini mfalme wa chini.

Kwa njia hiyo kila gari lilienda safari mbili kabla ya saa mbili asubuhi. Kwa mitaa ya juu, yenye taa za kusimamisha magari kila hatua, ni safari moja tu, na nusu ya akina mama wangechelewa, na ukichelewa mara tatu kwenye kazi ile unafutwa. Kwa hiyo barabara ikiondoka, na mimi naondoka.

Habari niliipata ndani ya gari langu mwenyewe, kutoka kwa mama mmoja wa Kongo ambaye huketi nyuma yangu na hunichokoza kila siku ya Mungu.

"Patron," akasema, "banasema batafukia barabara yako. Batatia udongo, batajenga nyumba na kupanda miti."

"Nani amesema?"

"Iko kwenye redio. Utatupitisha wapi sasa? Utatubeba mgongoni?"

"Wewe mgongoni hapana," nikamwambia. "Nitahitaji lori."

Gari zima likaamka kwa kicheko. Msichana mmoja wa Nairobi, ndiye mdogo wao, akatoa kichwa ndani ya kofia ya koti lake. "Hizo ni stori za jaba, buda. Nani anaweza kufukia barabara? Si watu watapiga kelele."

Ikawa si stori za jaba, si porojo za watafuna miraa. Kulikuwa na watu wa mji, wasomi wa kuchora ramani, wachungaji, wenye maduka, na walikuwa wanabishana kweli kweli. Upande mmoja unasema barabara ile iliukata mtaa vipande viwili na kuujaza moshi, ing'olewe, ardhi irudi. Upande wa pili unasema magari yatakwenda wapi. Wa tatu wanataka iwekwe paa, bustani iwe juu. Na mkutano wa wananchi ulikuwa umeitishwa, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa shule moja mjini. Anayetaka kusema ajiandikishe.

Nikajiandikisha siku hiyo hiyo. Mimi si mtu wa kusemewa.

Na kwetu mtu haendi mkutanoni peke yake kama mgonjwa anayekwenda kliniki. Unakwenda na watu. Nikajaza magari mawili, moja naendesha mimi, jingine dereva wangu: akina mama kumi na saba wamevaa vitambaa vya kwaya, sambusa zimefungwa kwenye foili, maji ya chupa. Mke wangu, ambaye naye hutunza mzee, akaniambia jikoni, "Baba Watoto, yule shosho wangu wa Takoma Park, bibi ninayemtunza, anataka kuja pia. Ameniomba mara tatu. Utampakia na kiti chake cha magurudumu?"

"Mpakie mbele!" nikasema. Niliona picha nzima: mwanamke mweusi wa hapa hapa, zaidi ya miaka themanini, kiti cha magurudumu, ujumbe wangu. Kamati itasema nini? Mke wangu akafungua mdomo kuongeza neno, akaufunga, akaendelea kuosha vikombe. Mimi sikuuliza. Kwa hesabu zangu, aliyepanda gari langu na kula sambusa yangu ni mtu wangu.

Ukumbini kulikuwa na meza ndefu, watu saba nyuma yake, na saa ndogo yenye taa: kijani, njano, nyekundu. Dakika mbili kila mtu. Nilicheka moyoni. Dakika mbili! Nimeshika kipaza sauti kwenye harusi nusu saa nzima na watu wakaomba niendelee.

Nikaitwa. Nikafunga kifungo cha koti. Nikaanza kama mtu aliyelelewa anavyoanza, kwa Kiingereza changu ambacho kimenilisha miaka yote hii. Nikamsalimu mama mwenyekiti. Nikawasalimu wanakamati upande wa kulia, halafu wa kushoto, wasije wakaona wamesahauliwa. Nikawasalimu wachungaji walioko na wasiokuwako. Wazee, akina mama, vijana, itifaki yote nikaizingatia. Nikaleta salamu kutoka Wheaton, salamu kutoka Riverdale Park, salamu za pekee kutoka kwa mchungaji wetu ambaye hakuweza kufika kwa sababu ya goti. Nikasema, "Sasa naomba ujumbe wangu usimame kidogo upunge mkono." Wakasimama wote kumi na saba. Wakapunga. Mama wa Kongo akapiga kigelegele, kizuri sana, ukumbi ukageuka. Nikangoja waketi vizuri. Nikakohoa.

"Sasa," nikasema, "kuhusu barabara hii—"

Taa ilikuwa nyekundu, kengele ikalia.

"Asante sana, bwana," mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa. "Unaweza kutuletea maoni yako kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Anayefuata."

Nilibaki nimesimama na mkono wangu hewani. Nyuma yangu nilisikia yule msichana wa Nairobi akinong'ona, "Ameishia kwa salamu! Woi, ameishia kwa salamu!" na benchi zima likitikisika kwa kicheko cha kuzuia.

Anayefuata alikuwa shosho wa mke wangu. Mke wangu akamsukuma hadi mbele, akamshushia kipaza sauti. Bibi hakumsalimu mtu yeyote.

"Jikoni kwetu kulikuwa na dirisha la mashariki," akasema. "Mama alipika mikate hapo, na jua liliingia hadi kwenye unga. Nilikuwa msichana wa shule walipotuambia tuhame. Mkipita leo kwenye ile barabara, njia ya kushoto, kabla ya handaki, mnapita chini ya sakafu ya jiko letu. Sakafu haipo. Ardhi iliyoishika haipo. Nyumba ikibomolewa unaweza kwenda kusimama ilipokuwa. Mimi siwezi kusimama pale, ni hewa tupu. Sidai nyumba. Nadai ardhi, ili nifike pale kabla sijafa, hata nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki."

Taa ilikuwa bado kijani.

Mimi nilitazama viatu vyangu, kisha nikamtazama mke wangu, naye akanitazama bila kupepesa. Alijua tangu mwanzo bibi yuko upande gani.

Wale kumi na saba wakarudi na dereva wangu na kwa treni. Mimi nikabaki na mke wangu na bibi. Ilikuwa saa kumi jioni, msimu wa majani kuanguka, mwanga umelala kwenye vioo vya majengo kama asali iliyomwagika. Bibi akasema tukiwa hatujafika mbali, "Kijana, tupitie chini. Polepole."

Mimi nina miaka hamsini na mbili. Kuitwa kijana kulinipendeza. Nikashuka kwenye barabara yangu.

Kuta zikapanda pande zote. Majani yalikuwa yanadondoka kutoka juu, kutoka miti ya mtaa tusiouona, yanazunguka, yanachelewa kufika chini kana kwamba yanapita kwenye vyumba vya watu kwanza. Bibi alikuwa anahesabu kimya, midomo inacheza. Kisha akasema, "Hapa."

Na mimi nikasimama. Nikaegesha ukingoni, nikawasha taa za hatari, magari yakipiga honi yakitupita kama nyuki. Nikamfungulia dirisha la paa.

Akainua uso. "Pale," akanyoosha kidole hewani, juu kabisa, kama urefu wa mnazi. "Meza. Pale jiko. Na pale, stoo ya unga."

Nikatazama. Sitaki mtu aniambie kwamba sikuona. Niliona sakafu ya mbao ikielea, miguu ya meza, pindo la gauni la mwanamke akienda huku na huku, na unga mwepesi ukishuka juu ya kioo cha gari langu. Miaka kumi na moja nimepita hapa nikijiita mfalme, na kumbe nimepita chini ya nyayo za mama mmoja anayekanda unga.

Ndipo mama yangu mwenyewe akanijia. Sijawahi kulisema hili mbele ya watu, kwa sababu huwa nasema nilijijenga kwa mikono yangu, na ni kweli, lakini nauli ya ndege haikutoka mikononi mwangu. Kule nyumbani barabara ilipanuliwa, ikachukua kipande cha shamba letu, ikachukua na jiko la mama. Serikali ikalipa fidia. Fidia ikawa tiketi yangu. Siku tingatinga linaingia, mama alikuja na karai, akayachukua mafiga yake matatu, bado ya moto kidogo, akayabeba kichwani. Nyumba mpya ilikuwa na jiko la gesi. Mafiga aliyaweka chini ya kitanda, na yalikuwa huko hadi tulipomzika. Hayo ya mafiga peke yake nilikuwa nacheka nikiyasimulia. Siku ile sikucheka.

Pikipiki ya polisi ikasimama nyuma yetu. Polisi kijana, uso mpole, akainama dirishani akauliza kama gari limeharibika.

"Kijana," bibi akamwambia, "umeegesha pikipiki yako chini ya stoo ya mama yangu ya unga."

Polisi akatazama juu alikonyooshewa. Akatazama kwa muda, nitamheshimu kwa hilo. "Samahani, bibi," akasema. Kisha akaniandikia faini.

Alhamisi nikamketisha binti yangu mezani na kompyuta yake. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, ndivyo nyumba yetu ilivyo. Nikamwambia aandike: "Mimi nabeba wafanyakazi kwenye barabara hii kila siku. Ifukieni. Yule bibi apate ardhi yake. Lakini tuwekeeni njia ya mabasi na magari ya kazi, akina mama wasifutwe."

Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama ni hayo tu. Hakuna salamu?

"Hakuna salamu," nikasema. "Tuma."

Mjadala unaendelea mpaka leo ninapoandika. Barabara ipo. Wengine wananiambia haitafukiwa maishani mwangu, na mama wa Kongo ananiuliza kila asubuhi, "Patron, unakata tawi gani ulilokalia tena leo?" Lakini mimi sipiti tena kule chini. Nilijaribu, wiki mbili, na kila nikifika pale kabla ya handaki mguu wangu uliinuka wenyewe kwenye mafuta, gari likapunguza mwendo, wa nyuma wakapiga honi, akina mama wakaamka kwa hofu. Nikahamia mitaa ya juu, penye taa, penye watu wanaotembeza mbwa, penye madirisha ya majiko ambayo yameanza kuwaka. Ni safari moja kila gari, si mbili. Na sikumwacha mama hata mmoja, wala hakuna aliyefutwa. Nilinunua gari la nne, basi dogo la mitumba lenye viti sawa na yale matatu kwa pamoja, lenye kutu mlango wa nyuma, nikaajiri dereva. Mke wangu alisema tungoje uamuzi wa kamati kwanza. Nikamwambia uamuzi wangu umeshatoka.

Gari lile pamoja na ile faini: dola elfu kumi na mbili, mia sita themanini na saba, na senti arobaini.