Kumfundisha Mama wa Kompyuta Kushuka Mteremko

Baba alikuwa na imani moja tu kuhusu kompyuta yangu: kwamba ingeniharibia macho kabla sijaolewa. Akanitafutia kazi ya kufundisha kupiga taipu katika chuo kimoja Murang'a. Nikamwomba anipe nafasi moja. Chama cha ushirika cha kahawa kwetu Wamagana kilikuwa kimeniagiza nitengeneze filamu fupi ya katuni, ya kuwahimiza wanachama wafikishe kahawa mbivu kiwandani siku ile ile inapochumwa. Tukakubaliana: wakiipenda, nabaki Nyeri na kompyuta yangu. Wakiikataa, nafunga virago bila maneno mengi.

Nilikuwa nimekodi chumba juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi pale Nyeri mjini. Humo nikamchora mama aliyebeba gunia la kahawa. Kwa wasioijua kazi hii, huchori kila picha. Unachora mikao mikuu, mguu unapokanyaga na unapompita mwenzake, halafu kompyuta inajaza picha za katikati. Mwendo wenyewe niliutoa kwenye kitabu cha mafunzo, nikaurudia hadi mama akafika kiwandani. Nilijiona fundi kwelikweli.

Nikawaonyesha akina mama wa kanisa la kwetu kijijini kwanza, kwa majaribio. Wakacheka hadi wakafuta machozi. Mmoja akaniuliza kwa upole kama huyo ametoka Kagio, maana anatembea kama mtu wa tambarare, na gunia lake limejaa pamba. Nilirudi mjini nimenuna, namlaani aliyeandika kile kitabu. Kwetu nani anatembea wima hivyo, na shamba limesimama kama ukuta?

Hasira zangu huwa zina faida. Nikaazima kamera ya video kwa mpiga picha wa harusi, nikampa dada yangu aishike. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikajitwika gunia la kahawa mgongoni, nikapitisha mukwa, ule mkanda wa ngozi, juu ya paji la uso, nikashuka kuelekea mtoni. Mimi, mtoto wa mkulima, nilikuwa nimeikwepa kazi hiyo tangu niende shule ya bweni! Shingo ilinifundisha yote. Magoti hayanyooki kamwe. Mguu unatua haraka, kisha unangoja mzigo utulie ndipo mwenzake uthubutu kuinuka. Na mzigo haufiki pamoja na mwili, unachelewa kidogo, halafu unakuvuta unakotaka wenyewe. Nilianguka kwa goti, na yule dada, ati badala ya kunisaidia, akaendelea kurekodi huku akicheka. Nikauingiza mwanguko huo kwenye filamu.

Tatizo la kompyuta ni kwamba inagawa mwendo sawasawa, ndiyo maana watu wake huelea. Nikaikatalia. Pale mguu unapongoja nikarundika picha nyingi, pale unapotua nikazifuta karibu zote. Gunia nikalichelewesha picha chache nyuma ya kiuno, kisha kichwa kikavutwa na gunia. Nilipoichezesha, yule mama alikuwa mzito! Nilipiga kelele peke yangu hadi mwenye duka akapanda kuuliza kama kuna msiba.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa, televisheni ya kanisa imewekwa juu ya meza mbili. Baba alikaa mbele, kofia magotini. Filamu ikaanza na watu wakanyamaza kabisa. Sikujua kama huo ulikuwa ukimya wa kupenda au wa heshima tu.

Kisha mama wa kompyuta akakanyaga tope. Mguu ukateleza, gunia likamvuta upande. Bibi mmoja wa safu ya mbele akainuka, akainyooshea televisheni mikono yote miwili.

"Shikilia, mama!"

Hakuna aliyemcheka, kwa sababu nusu ya ukumbi ilikuwa imeinama upande ule ule. Yule mama alipofika kiwandani walimpigia makofi yeye, wala si mimi, na nilifurahi kupita kiasi.

Baba alingoja watu wapungue. Akavaa kofia, akasema kesho atawaambia wale wa Murang'a watafute mtu mwingine. Tulikuwa tumeshafika mlangoni aliposimama, amekunja uso.

"Na yule mama," akauliza, "hakuumia goti?"