Aracelly na Mashine Zisizo na Mwenyewe

Aracelly Grajales alikuwa na jicho la kuona kosa kabla kosa lenyewe halijajua limeonekana. Miaka ishirini na miwili alikagua mashati katika kiwanda cha nguo cha Dosquebradas, ng'ambo ya daraja ukitoka Pereira, na shati ambalo kifungo chake kimepishana na tundu kwa upana wa uzi halikumpita. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengine walianza kuchoma arepa, mikate ya mahindi, milangoni mwao, wengine wakaenda Uhispania kulea wazee wa watu. Yeye, na miaka yake arobaini na saba, alijiandikisha kozi ya kukagua programu za kompyuta, akakaa dawati la mbele kati ya vijana wa rika la mwanawe wa mwisho. Walimcheka wiki mbili. Wiki ya tatu wakaanza kumwomba awaangalizie kazi zao.

Ndivyo alivyopata kibarua kwa don Gildardo Echeverri, mwenye kampuni ndogo ya programu ghorofa ya nne, juu ya duka la viatu. Walikuwa watu ishirini na sita, na programu yao ilitumika katika vituo vya kununulia kahawa: mkulima analeta magunia, mizani inasoma, programu inaandika kilo, unyevu na bei. Kazi ya Aracelly ilikuwa kuitesa programu hiyo kabla haijamfikia mkulima. Aliingiza gunia lenye kilo sifuri. Aliandika jina la mkulima lenye herufi sitini. Alizima mtandao katikati ya upimaji ili aone itafanya nini. Ilikuwa kazi yake ya kwanza maishani ya kukaa kwenye kiti, na kila asubuhi kabla ya kuanza alifanya ishara ya msalaba akamshukuru Mungu.

Basi, siku moja mwanzoni mwa mwezi wa sita, don Gildardo akawaita wote jikoni, maana ndipo mahali pekee walipoenea. Mkononi ana karatasi, usoni ana mvua.

"Wanangu," alisema, "mnajua kwamba wingu linakula kuliko sisi sote humu ndani?"

Wingu lenyewe si lile la juu ya milima. Ni mashine za kampuni kubwa, ziko mbali, unazikodi kwa kubofya tu. Ukitaka kujaribu kitu kipya, unawasha moja, unaweka humo nakala ya programu, unaijaribu. Hulipiwa kwa saa, uitumie usiitumie, mradi inawaka. Kuwasha ni rahisi kama kufungua bomba, na watu wa ghorofa ya nne walikuwa mafundi wa kufungua mabomba.

"Mashine za wateja sizigusi," don Gildardo aliendelea. "Lakini hizi zenu za kutengenezea na kujaribia zinakula mara mbili ya zile. Mara mbili! Sasa, kufikia Ijumaa ya pili ya mwezi wa saba, gharama ya siku isiposhuka kwa theluthi moja, itanibidi nipunguze mtu mmoja meza ya ukaguzi."

Hakumtazama mtu. Lakini meza ya ukaguzi ilikuwa na watu watatu, na aliyeingia wa mwisho alikuwa Aracelly. Nani angemwajiri mkaguzi anayekaribia hamsini, mwenye uzoefu wa miezi kumi na minne?

"Bosi, mbona mwaka juzi tulikubaliana tusafishe," alisema Fáber, mkuu wa waandishi wa programu, kijana mwembamba mwenye mdomo usiojua likizo.

"Na mkasafisha nini?"

"Tulisafisha friji."

Watu wakacheka. Aracelly hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Nipeni mimi hiyo kazi."

"Mama Ara," Fáber alimwambia kwa upole, "kuna mashine mia na themanini na nne humo. Nyingine zina umri mkubwa kuliko ndoa yangu."

"Ndoa yako ina miezi minane, mwanangu."

Alipofungua orodha alikuta vituko. Vijana walizipa mashine majina ya vyakula, ya wachezaji mpira, ya wapenzi waliowaacha. Na kila moja, kubwa kwa ndogo, ilikuwa na kibandiko kilekile: USIGUSE. Kisa chake ni kwamba zamani don Gildardo alitangaza kuwa mashine isiyo na kibandiko hicho itafutwa. Watu wakabandika. Kisha ikawa desturi: mashine ikizaliwa tu, kabla haijafanya lolote, inabatizwa USIGUSE. Hivyo hata zilizokufa zikawa hazigusiki.

Kule kiwandani kulikuwa na utaratibu wake. Kila nguo ilitembea na kikaratasi cha fundi aliyeishona. Isiyo na kikaratasi, mkaguzi anaiinua juu mbele ya chumba kizima na kupaza sauti: "Ya nani?" Aracelly hakujua njia nyingine, akaanza na hiyohiyo, meza kwa meza.

"Hii Sancocho ni ya nani?"

"Ilikuwa ya Óscar."

"Óscar yuko wapi?"

"Kanada."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja, mama."

"Na miaka yote hii supu ya Sancocho inachemka bila mlaji! Haya, na hii Mama-mkwe?"

"Hiyo usiizime!" Fáber aliruka kitini. "Hiyo ni yangu. Yaani, si yangu, lakini naijua."

"Inafanya nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nikaiita Mama-mkwe. Iko macho saa zote, inanguruma, na hakuna mwenye ujasiri wa kuiuliza."

"Basi si yako. Inaingia kwenye yatima."

Baada ya wiki mbili, mashine mia na kumi na moja zilikuwa zimepata wenyewe, kila moja ina jina la mtu na saa zake za kazi. Fáber akaandika programu ndogo ya kuziamsha saa moja asubuhi na kuzilaza saa moja jioni, na kuziacha zipumzike Jumamosi na Jumapili. Manung'uniko hayakukosekana.

"Mashine si ng'ombe, mama Ara," alilalamika kijana mmoja. "Haihitaji kulala."

"Wiki ina saa mia na sitini na nane, mwanangu. Wewe unafanya kazi arobaini na tano, na hapo nimekuwekea na zile za kusimulia mpira. Zilizobaki inamfanyia kazi nani?"

Kijana akarudi kwake.

Gharama ya siku ilishuka kwa karibu robo. Robo si theluthi. Zilibaki mashine sabini na tatu zisizo na mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na kubwa kuliko zote. Ukizifuta na moja ikawa na kazi ya mtu, umemtia mtu hasarani. Ukiziacha, meza ya ukaguzi inabaki na wawili. Aracelly alizunguka na orodha ile siku nne.

"Katika kazi yetu kuna dawa ya zamani," Fáber alimwambia. "Inaitwa mtihani wa kelele. Huifuti mashine, unaizima tu. Kisha unakaa kimya, unatega sikio. Mwenye mali atapiga kelele."

"Na asipopiga?"

"Basi haina mwenyewe. Tunaizika."

"Na akipiga, atampigia nani?"

"Wewe, mama."

Alituma ujumbe kwa watu wote, wa kwanza, wa pili, wa tatu: Ijumaa jioni tunazima zote zisizo na jina, mwenye yake aseme. Lakini Jumatatu ilikuwa mapumziko ya sikukuu ya Moyo Mtakatifu, na ujumbe unaokuja kabla ya siku tatu za mapumziko ni nani anausoma? Roho za watu zilikwishatangulia kwenye maji moto ya Santa Rosa. Ijumaa jioni Aracelly akafumba macho, akasema, "Bwana, kama nakosea nizuie mkono." Mkono haukuzuiwa. Akabofya.

Jumanne asubuhi kimya. Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Fáber alipita kaweka kiganja sikioni.

"Hata Mama-mkwe hakuna anayemlilia," alinong'ona. "Mungu amlaze mahali pema."

"Usifanye mzaha na marehemu," Aracelly alisema, ila midomo yake tayari inataka kucheka.

Saa tatu na robo ukelele ukatoka chumba cha mikutano, vioo vikatikisika.

"FÁBER! Nani amezima kahawa yangu?"

Alikuwa don Gildardo mwenyewe. Ndani alikuwa na doña Fabiola Restrepo, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa Apía, aliyeteremka milimani na wazee wawili ili aonyeshwe programu. Kumbe miaka mitatu nyuma bosi alijiwashia mashine ya maonyesho, akachagua ile kubwa kuliko zote ili asije akaaibika mbele ya mgeni, akaibandika USIGUSE kama watoto wake, na jina lake hakuandika.

Aracelly aliinuka. Alikwenda mpaka mlangoni.

"Nimeizima mimi, don Gildardo."

"Iwashe!"

"Inaamka sasa hivi. Lakini hizi kubwa zinachelewa. Dakika kumi na mbili."

Dakika kumi na mbili za kumtazama mgeni usoni ni ndefu. Aracelly akaona hana tena cha kupoteza. Akachukua kompyuta yake, akaingia, akaketi karibu na doña Fabiola.

"Karibuni sana, wazee wangu. Wakati ile inaamka, niwaonyeshe nakala hii ndogo ninayoitafutia makosa kila siku."

"Makosa?" doña Fabiola akainua nyusi. "Ina makosa?"

Don Gildardo alifumba macho.

"Nimeyaandika mia tatu na kumi, mama. Mia tatu na manne yamerekebishwa."

"Na hayo sita?"

"Hayo tunayajua yalipo. Kosa unalolijua halikuibii."

Doña Fabiola alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Aliyetuuzia ile ya kwanza aliapa haina hata moja. Ilitumezea magunia arobaini!"

Aracelly akamwachia mzee mmoja ajaribu mwenyewe. Mzee alikuwa na vidole vya kushika jembe, akabonyeza kitufe mara mbili kwa mpigo, na gunia moja likaandikwa mawili.

"Ehee!" mzee akafurahi. "Hii naipenda. Naleta moja, nalipwa mawili."

"Sasa yamekuwa saba, na hili umelipata wewe, babu," Aracelly alisema huku akiandika. "Jina lako nani, niliweke?"

Chumba kizima kikacheka, don Gildardo naye. Mashine kubwa ilipoamka, hakuna aliyeiangalia. Wakulima walipoondoka walikuwa wamekubali kuijaribu programu vituo viwili, kwa sharti kwamba huyu mama ndiye atakayewafundisha.

Mlango ulipofungwa, don Gildardo alimgeukia Aracelly. Uso hausomeki.

"Nani alikutuma uzime?"

Aracelly akamwonyesha zile jumbe tatu. Nyuma yake Fáber akasogeza kompyuta yenye chati, akanyoosha kidole bila kusema neno, jambo la ajabu kwake. Mashine ya bosi peke yake ilikuwa inakula sehemu moja kati ya kumi ya gharama yote ya majaribio, nayo hutumika saa moja kwa mwezi, mwezi wenye mgeni.

Bosi akaisogelea chati, akaisoma.

"Kwa hiyo mwizi ni mimi."

"Sijasema hivyo, don Gildardo."

"Umesema nini?"

"Nimeuliza tu ni ya nani."

Akaketi, akacheka mpaka akatoa miwani afute macho. Kisha akaomba aonyeshwe pa kuandika jina, akaandika kwa vidole viwili: Gildardo Echeverri, iwashwe akija mgeni tu. Aracelly akamshauri achukue ndogo ya kumtosha, maana shati la mtu wa kilo mia halimpendezi wa hamsini. Akakubali hilo pia.

Wiki ile wengine wawili walipiga kelele, wakapewa mashine zao na kuziandika majina. Zilizobaki, Mama-mkwe akiwemo, hazikuliliwa, zikazikwa. Ijumaa ya pili ya mwezi wa saba don Gildardo aliwaita jikoni, safari hii amebeba mfuko wa pandebono, vile vimkate vya jibini, zingali moto. Hakutoa hotuba. Alisema gharama ya siku imeshuka kupita theluthi, na meza ya ukaguzi inabaki na watu wake watatu, kwisha. Fáber akapiga mluzi, watu wakapiga makofi, na Aracelly akageukia dirishani kidogo, maana machozi yalikuwa yamemfika puani.

"Mama Ara, mbona huli?" Fáber aliuliza, kajaza mdomo.

"Nakula. Wewe kosa la saba umelirekebisha?"

"Kosa gani?"

"La babu. Gunia moja kuandikwa mawili. Jumatatu napanda Apía, siwezi kwenda nalo."

"Mama, leo Ijumaa..."

"Ni saa nane tu, mwanangu, na mashine yako inalala saa moja."

Fáber akatazama juu kama anayemshtakia Mungu, akachukua pandebono nyingine kwa ajili ya njiani, wakarudi wote wawili mezani.