Pini Mdomoni mwa Fundi wa Butere

Katika duara letu la waandishi hapa Kakamega, hakuna tulichokidharau kama wimbo unaoimbika. Tulikutana kila Jumamosi mchana juu ya hoteli moja ya chai karibu na soko, na kabla ya kusoma miswada mmoja wetu alileta wimbo wa kufungulia kikao. Sharti lilikuwa moja: kabla ya kubonyeza simu, utaje wimbo umetoka wapi. Tulijidai ni heshima kwa msanii. Kwa kweli tulikuwa tunayapa masikio ruhusa. Wimbo ukitoka mbali, tulifumba macho. Ukitoka karibu, tuliagiza chai.

Mwenyekiti wetu alikuwa mshairi mwenye diwani moja na skafu tatu, ambazo alizivaa hata jua la Februari likichoma mabati. Siku mwenzetu alipoleta kwaya ya kanisa la kwao, upande wa Mukumu, sauti nne zikipanda taratibu kama ukungu unapoachana na miti, mwenyekiti hakungoja ubeti wa pili.

"Komredi, hii ni ya kuuzia mitumba."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, na wimbo ule nilikuwa nimeupenda.

Miezi michache baadaye nilienda Butere kumwona shangazi, nikachana suruali nikiruka mtaro. Shangazi akanielekeza kwa mama mmoja anayeshona sare za shule. Mumewe, ambaye mgongo ulimtoa kwenye kazi ya kukata miwa, alikaa mlangoni akipiga gitaa kavu, lile lisilo la umeme. Mama mwenyewe alikanyaga cherehani, midomo imebana pini sita au saba, na nyuma ya zile pini akaimba mdomo umefumbwa. Sauti ilipanda ngazi tatu, ikasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ikarudi kukichukua. Nilisimama pale nimejifunga leso yake kiunoni, bila suruali, machozi yananilenga.

Nikaomba kurekodi. Alipomaliza, akatema pini kiganjani.

"Unaenda kuiweka wapi?"

Nikamweleza kuhusu duara, na kwamba mwezi uliofuata tungesoma kazi zetu ukumbini mbele ya watu.

"Zamani tulikuwa tunaitwanga harusini," alisema. "Siku hizi wanaitanga mtu wa spika. Mwanangu, sitaki kitu. Waambie tu ni ya fundi wa Butere na bwana yake. Wakiipenda, watuite siku hiyo."

"Atasahau," mumewe akasema bila kuinua macho. "Watu wa vitabu wanasahaunga."

"Wewe nyamaza, piga gitaa."

Nikaapa kwamba sitasahau.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya riwaya yangu kusomwa. Huo si udhuru; nautaja ili mjue nilichokuwa nakiogopa. Mwenyekiti akauliza, "Umetuletea nini, na kutoka wapi?" Nikaitazama skafu, nikamtazama mhudumu aliyesimama mlangoni akingoja tuagize chai, nikasema:

"Visiwani. Bahari ya Atlantiki. Mwanamke asiyejulikana."

Wakafumba macho wote.

"Sikilizeni mdomo uliofungwa," mwenyekiti alinong'ona. "Huyu amenyang'anywa lugha."

"Na ile ngoma!" akadakia mwandishi mmoja wa hadithi fupi, mkono kifuani. "Ni ya mazishi hiyo. Nimewahi kuisoma mahali."

Ngoma yenyewe ilikuwa cherehani. Na lugha ya mama yule ilikuwa imenyang'anywa na pini za sare za darasa la nne. Niliwadharau kwa raha iliyonijaa hadi kooni, na sikujiuliza raha ile nilikuwa nimeipora kwa nani.

Riwaya yangu ilisifiwa. Wimbo ukachaguliwa kufungua siku ya ukumbini, kwa spika.

Siku hiyo fundi alikuja. Si mimi niliyemwita. Shangazi alimtajia tarehe, naye akadhani mwaliko umepotea njiani. Alikaa safu ya tatu na gauni jipya la kitenge, mumewe kando yake, gitaa ndani ya gunia la sukari katikati ya magoti. Mwenyekiti akaeleza visiwa, akaeleza bahari, akaeleza kinywa kilichozibwa. Kisha spika ikalia.

"Hiyo ni cherehani yetu," alisema fundi, kwa sauti yake ya kawaida ya dukani.

"Mama, tafadhali," mwenyekiti akamkatiza. "Tuache wageni wasikie."

Fundi aligeuka akanitafuta kwa macho, akanipata, akangoja. Wimbo ulikuwa wa dakika tatu. Nilikuwa na dakika tatu nzima. Nikainamia karatasi zangu.

Spika iliponyamaza, mumewe alikuwa ameshabeba gunia. Mlango ulipofungwa nyuma yao ndipo nikasimama, nikasema kwa sauti iliyopasuka kwamba wimbo ni wa wale wawili, na kwamba visiwa nilivibuni mimi.

Mwenyekiti alirekebisha skafu. "Nilijua," alisema. "Kuna mahali inakuwa ya kienyeji mno. Inachosha."

"Na ile ngoma," akaongeza yule wa hadithi fupi, "haikuwa na uzito hata kidogo."

Jumatatu nilienda Butere kuomba radhi. Nilitaka pia ruhusa ya kuuandikia wimbo ule makala, safari hii kwa majina yao kamili. Fundi alikuwa na pini mdomoni, akaniacha nisimame mpaka alipomaliza mkono wa shati.

"Ile suruali ilikutosha?"

"Ilinitosha, mama."

"Basi. Jina langu usiliweke popote. Ulipewa nafasi ya kulisema."

Kwa hiyo silitaji. Duara nimelihama; wanasema ni majivuno, na kwa mara ya kwanza wamesikia vizuri. Ila wewe unayetafuta wimbo mtamu, usiniulize mimi. Chukua nguo iliyochanika, nenda Butere asubuhi, zunguka kwa mafundi, na ukae mpaka suruali yako iishe kushonwa. Wewe utausikia. Nikipita mimi, gitaa hunyamaza.