Salamu ya Kefa

Kefa nilisoma naye Kidugala. Sasa analima viazi Kitandililo, na ukimuuliza habari za ndege atakujibu habari za mbegu.

Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa rubani wa ndege ndogo za kukodi, na kila safari ya Njombe ilipomwangukia, alipita kwao, mtaa wa Ramadhani, kutusimulia kiwanja chetu kilivyo na kisirani. Kifupi, alisema, na huku juu hewa ni nyepesi, ndege inakuja kwa kasi kuliko unavyotaka. Usipogusa mwanzoni kabisa unaishia mashambani kwa watu. Mvua ikinyesha, breki ni za kuombea. Ukungu nao hauna adabu: unakiona kiwanja chote, unageuka kidogo, hakipo.

Lakini waliomtesa zaidi ni sisi. Watu walikatiza kiwanjani kwenda sokoni, na ng'ombe walilishwa humo humo. Kwa hiyo kabla ya kutua alipita chini kwanza, ndege ikinguruma juu ya vichwa, maana yake: ondokeni. Ng'ombe walielewa.

Mama yake, Mama Tabea, hakuelewa. Mara ya kwanza alipoiona ndege ya mwanawe ikishuka karibu iguse ardhi kisha ikapaa tena, alitoka mbio na kitenge, akapunga. "Kamwene, baba!" akaitikia salamu kwa Kibena huku analia kwa furaha. "Ananisalimia," aliwaambia majirani. Tangu siku hiyo, Kefa akipita chini, mtaa ulitoka kumpungia. Yeye alicheka tu, akazunguka mpaka watoke. Nani ana moyo wa kumwambia mama yake kwamba ile si salamu, anafukuzwa?

Machi ya mwaka juzi dada yake Eveline alijifungua. Mtoto mzima, ila yeye moyo ukachoka, akawa hapumui vizuri. Daktari akasema apelekwe Dar es Salaam siku ile ile. Kefa akaomba ndege kazini, akapewa. Eveline akalazwa ndani ya gari pembeni ya kiwanja, mumewe Elius kamshika mkono.

Kefa akapita chini. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka. Watu wakatoka. Akapita tena, chini zaidi, wakaja wengi zaidi, na watoto wa shule, wakajazana katikati ya njia ya ndege, Mama Tabea mbele na kitenge chake ili mwanawe amwone. Elius alipiga kelele watoke hadi sauti ikakauka, lakini ngurumo ile ilimeza kila kitu. Kefa alipopita mara ya tatu nusu ya kiwanja ilikuwa imefunikwa. Alipogeuka, hakikuwepo.

Akaenda kutua Iringa, akampigia Elius simu wamlete kwa gari. Walifika Makambako Eveline ameshakata roho. Elius hakupata nguvu ya kupiga simu, kwa hiyo Kefa alikaa pale Iringa kando ya ndege, mlango wazi, mpaka jioni.

Mtaa mzima unasema ni ukungu. Elius hawapingi. Mimi Kefa aliniambia mwenyewe, tukiwa shambani kwake, bila kuacha kupalilia. "Neno moja tu ningelisema mapema," alisema. "Nikilisema leo, namzika na mama."

Msibani Mama Tabea alikaa mkekani akiwaambia waliokuja kumpa pole, "Mwanangu alimsalimia dada yake mara tatu. Nani ameagwa hivyo?" Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli, hakuna.

Makaburini, mchungaji alipomaliza, Kefa aliitwa kutoa shukrani za familia. Akaishukuru kwaya, akawashukuru wauguzi, na majirani walioleta kuni na unga. Akafika mwisho, akawa anarudi nyuma. Mama yake akamvuta koti. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Baba, umewasahau waliotoka kukupungia."

Kefa akageuka, akawashukuru.