Mpaka Usiochapika

Niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani zangu wa Kirua Vunjo, ambao huisimulia habari hii vizuri kuliko mimi: niliuchora mpaka wa shamba la jirani yangu kwenye leya isiyochapika. Anayejua michoro ya kompyuta ameshaelewa na ameshacheka. Asiyejua nitamweleza. Mimi nilielezwa mbele ya ukoo mzima.

Mimi ni kitinda mimba. Kwa desturi yetu Wachagga nyumba ya wazazi huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho, kwa hiyo sijawahi kuwa na sababu ya kuhama, na bila sababu huwa sitoki hata getini. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi fupi ya kuchora ramani kwa kompyuta Moshi mjini, nikarudi kukaa. Tangu hapo nachora sebuleni: mabanda ya ng'ombe, vyoo, nyumba za watu wanaoishi Dar na kuja huku Desemba. Mama hupita na ndoo ya maziwa akaniuliza leo nimejenga ngapi.

Jirani ninayemsema ni mjane. Mumewe alimwachia mabinti watatu, na kwetu mabinti hawahesabiki sana inapokuja habari ya kihamba, lile shamba la migomba na kahawa ambamo ukoo huishi na kuzikana. Tangu msiba alikuwa analala katika jiko la zamani la marehemu mama mkwe wake, kibanda cha udongo chenye mlango mmoja na kisicho na dirisha. Alitaka vyumba viwili tu, katika kipande alichogawiwa mumewe. Wazee wa ukoo walikubali kwa sharti kwamba alete ramani inayoonyesha nyumba itasimama wapi na mpaka unapita wapi, waikague siku ya kikao baada ya Krismasi, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, kisha waweke sahihi. Shemeji yake mkubwa, mtu wa Dar, naye alikubali, ila kila mtu alijua kwamba anatafuta sababu ya kukataa.

Tulipima wote wawili, yeye akinishikia ncha ya tepu.

"Meku, kumbe unatembea," alinitania. Meku ni mzee kwa Kichagga. Nilikuwa na miaka thelathini na nane.

"Mara mojamoja, mama. Kwa ajili yako."

"Basi nisikilize. Nyumba hata ukiichora kama kiberiti sina neno. Masale ndiyo watakayoangalia."

Masale ni ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani. Kung'oa sale la mtu huku kwetu afadhali umtukane. Tulipita moja baada ya jingine, na yeye alijua yapi alipanda mumewe na yapi aliyakuta. Niliandika kila kitu kwenye daftari. Vipimo vilikuwa sahihi, naomba hilo likumbukwe, maana ndilo peke yake ninaloweza kujitetea nalo.

Kuchora kulinichukua siku moja. Ninachokipenda mimi ni kuandaa ukurasa wa kuchapia. Ndani ya programu nyumba unaichora kwa ukubwa wake halisi, kisha unakwenda upande wa pili ambako kuna karatasi vile itakavyokuwa, A3 yangu mimi, na juu yake unafungua kidirisha. Shamba zima unalitazama kupitia hapo. Kidirisha unakipa kipimo, moja kwa mia mbili, halafu unakifunga ili gurudumu la mausi lisije likakivuruga. Nilikifunga kama mtu anayefunga zizi. Nikaweka mshale wa kaskazini. Pembeni nikaweka jedwali la maelezo: mwenye nyumba, kipimo, na "Mchoraji", jina langu likiwa na herufi kubwa kiasi kwamba Mama aliuliza kama nyumba ni yangu.

Sasa leya. Mchoro hupangwa kwa leya, kama karatasi za nailoni zilizolazwa moja juu ya nyingine: kuta zina yake, milango ina yake. Masale nayo yalistahili ya kwao. Lakini palikuwa na moja iliyojitokeza yenyewe nilipoweka vipimo, imekaa tu, nami nikaona uvivu kutengeneza nyingine. Nikayaweka humo, nikayapaka kijani. Kwenye skrini mstari ulilizunguka shamba vizuri kabisa. Kumbe leya ile programu huitumia kwa alama zake za ndani. Kwenye skrini utaiona, kwenye karatasi haitoki hata siku moja. Palikuwa na kitufe cha kukuonyesha karatasi itakavyotoka kabla hujachapa. Sikukibonyeza. Nilikuwa nimeshajiridhia.

Nilishuka Moshi kuchapa. Dada wa steshenari aliitazama A3 ikitoka, akainamisha kichwa.

"Kaka, mbona nyeupe hivi? Huku pembeni huweki kitu?"

"Dada, hiyo ni nafasi ya kupumua. Ndiyo utaalamu wenyewe."

"Haya," akasema, akaniviringishia.

Na mimi niliitazama. Nilitazama jina langu, nikatazama mshale wa kaskazini, nikaona vyote vimenyooka.

Siku ya kikao wazee walikaa kwenye mabenchi penye migomba, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikizunguka. Jirani yangu alikuwa amevaa gauni la kanisani. Aliikunjua karatasi mezani kwa mikono miwili, akaiwekea kibuyu kila upande isijikunje. Shemeji mtu alivaa miwani, akainama, akapitisha kidole pembezoni mwa karatasi.

"Shemeji," akasema kwa upole, "masale yako wapi?"

Jirani yangu aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Yapo," nikasema.

"Kijana, salimia kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Yako wapi?"

"Kwenye kompyuta yanaonekana. Yana rangi ya kijani."

"Na sahihi tukuwekee wapi? Kwenye kompyuta?"

Walicheka, hata wale waliokuwa upande wetu. Shemeji mtu hakucheka. Aliwageukia wazee. "Mimi nilikuja na kalamu yangu. Lakini mnaona wenyewe. Jina la huyu kubwa kuliko nyumba, mshale wa kaskazini kana kwamba tumepotea, na shamba halina mwisho. Mke wa marehemu ameletewa ramani isiyo na masale. Nikitia sahihi hapa nimempa shamba lote mpaka barabarani."

Nilijitolea kuuchora mstari palepale kwa kalamu. Mzee wa ukoo alinizuia kwa kiganja.

"Mpaka unaoongezwa kikaoni utatuletea ugomvi, mwanangu. Tutaonana mwakani."

Jirani yangu aliviringisha karatasi yake taratibu.

Kurekebisha kulinichukua chini ya dakika moja: niliuchagua mstari, nikauhamishia leya nyingine. Steshenari zilipofungua baada ya sikukuu, magari yalikuwa yameshaanza kuteremka kurudi Dar, na mzee wa ukoo alikataa kutia sahihi peke yake. Mama alinituma nikate jani la sale nikaombe nalo radhi, maana kwetu aliyeletewa jani hilo hakatai. Jirani alilipokea. "Nimesamehe," alisema, akaendelea kumenya ndizi za mtori.

Masika yalipoanza, shemeji mtu alituma vibarua wakapanda miparachichi palepale pa kujengwa vile vyumba viwili. Wazee walisema si neno, miche inang'oleka. Hakuna aliyeing'oa. Kwenda mahakamani jirani yangu alikataa katakata. Aliniuliza atawashtakije watu ambao ndio watakaomzika.

Mwaka huu, Novemba, nilichapa upya. Safari hii nilikibonyeza kile kitufe mara tatu. Kisha nikatoka getini, nikapita kando ya miparachichi, ambayo sasa inanifika kiunoni, nikamkuta jirani ameketi jikoni mwake anachambua maharage. Nikaikunjua karatasi nikiwa mlangoni, nikamwonyesha mstari ulivyolizunguka shamba lote.

Aliutazama, akarudia maharage yake.

"Hata ungeyachora hayo masale kwa dhahabu, mimi nitafia humu jikoni kwa mama mkwe. Ingia ndani au toka, unanizibia mwanga."